Kutoka Kisumu hadi chuo kikuu cha Uhispania: anza na karatasi, lugha itakuja

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitoka tu, simu yangu haitulii. Leo mama wa Nyalenda, kesho kijana wa Luanda ya Vihiga, keshokutwa msichana aliyemalizia Kakamega. Swali ni lile lile: "Dada, huko Uhispania uliingiaje?" Na kabla sijajibu linakuja la pili, lenye hofu: "Na Kihispania je, si kigumu?"

Nilisomea shahada yangu ya kwanza Granada, kusini mwa nchi hiyo. Siku hizi niko Kisumu, nafundisha Kihispania jioni, na Jumamosi nakaa na watu kwenye saiba moja ya Kondele tukijaza fomu. Katika wote niliokaa nao, sijaona hata mmoja aliyekwamishwa na lugha. Waliokwama walikwamishwa na karatasi: jina lisilolingana, muhuri uliokosekana, tarehe iliyopita wakidhani bado. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na salamu za Kihispania.

Hesabu kutoka Septemba ukirudi nyuma

Mwaka wa masomo huanza Septemba. Viza iwe mkononi Agosti. Viza haipatikani bila barua ya chuo, na vyuo vya umma hupokea maombi mengi ya nafasi Juni na Julai. Mitihani ya kujiunga kwa wanafunzi wa kigeni hufanywa Mei na Juni, na kujiandikisha ni kabla ya hapo. Nyuma ya hayo kuna kulinganishwa kwa cheti chako cha KCSE, kazi inayoweza kula mwaka mzima. Nyuma ya yote kuna kujifunza lugha.

Sasa weka mtihani wa Novemba na matokeo ya Januari juu ya kalenda hiyo. Aliyefanya KCSE Novemba 2025 akalenga Septemba 2026 anakimbiza gari lililokwisha ondoka. Alenge Septemba 2027. Najua mzazi hapendi kusikia kwamba mtoto "atakaa tu nyumbani" miezi ishirini, ila hatakaa tu. Ana kazi ya kutosha, kama utakavyoona.

Chagua mlango

Milango ni miwili. Ikiwa tayari uko chuoni hapa kwetu, iwe Maseno, Masinde Muliro au Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, nenda kwanza kwenye ofisi inayoshughulikia uhusiano wa kimataifa ukaulize kama chuo kina makubaliano ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na chuo chochote cha Uhispania. Kikiwa nayo, unaweza kwenda muhula mmoja au miwili ukiwa bado mwanafunzi wa hapa, ukapewa posho, hulipi ada kule, na krediti ulizopata zikahesabiwa nyumbani. Nafasi huwa chache na wanaouliza ni wachache pia. Uliza.

Mlango wa pili ni kwenda kusoma shahada nzima. Kule huitwa grado: miaka 4, krediti 240, yaani 60 kwa mwaka. Udaktari ni miaka 6 na krediti 360. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yako, darasani na kwenye kitabu. Huo ndio mlango ninaoueleza hapa.

Si lazima iwe Uhispania. Kihispania kinazungumzwa katika nchi zipatazo ishirini, na moja iko Afrika hii hii yetu, Guinea ya Ikweta. Cuba ina shule kubwa ya udaktari kwa wageni, ELAM, iliyofunguliwa 1999. Argentina ina Chuo Kikuu cha Buenos Aires, cha tangu 1821, ambacho kwa miaka mingi hakikutoza ada hata mgeni, ingawa amri ya rais ya 2025 ilivipa vyuo vya umma ruhusa ya kuwatoza wageni wasio wakazi wa kudumu. Anayeingia Buenos Aires huanza na mwaka wa msingi uitwao Ciclo Básico Común, na wenyewe hufupisha CBC. Mzazi aliyechoshwa na mtaala wa shule wa hapa Kenya, nao ukiitwa CBC, nilipomwambia hivyo, alifunga faili akasema tuzungumzie nchi nyingine.

Ukichagua Uhispania, angalia mji kabla ya kuangalia jina la chuo. Barcelona inapendwa kwa sababu ya mpira, lakini masomo mengi huko yanafundishwa kwa Kikatalani, ambacho si Kihispania. Valencia na visiwa vya Baleari hali ni hiyo kwa kiasi chake, Galicia wana Kigalisia, na Wabaski wana lugha yao isiyo na undugu na nyingine yoyote. Kila kozi ina ukurasa unaoonyesha lugha ya kufundishia, somo kwa somo. Usome. Kwa anayeanza, Salamanca (chuo cha 1218), Granada (1531), Sevilla au Madrid ni salama zaidi kwa lugha, na miji ya Salamanca na Granada ni nafuu kuishi kuliko Madrid.

Majina yako yafanane

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Watu wa upande wetu tuna majina yanayobadilika mpangilio kila karatasi. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu. Mwalimu wa darasa la nane aliandika mawili, tena la nyumbani likatangulia. Kitambulisho kikaongeza la babu. Hapa nchini hakuna anayeshtuka. Mhispania atashtuka, kwa sababu kwao mtu ana jina lake, kisha majina mawili ya ukoo: la kwanza la baba, la pili la mama. Kila fomu ina vijisanduku vitatu: nombre, primer apellido, segundo apellido.

Tuseme pasipoti yako inasema jina la ukoo ni Odhiambo na majina yako ni Mercy Akinyi. Karani wa kule akiona majina matatu yamepangwa mstari mmoja, mkono wake unajua njia: Mercy kwenye nombre, Akinyi kwenye ukoo wa kwanza, Odhiambo wa pili. Ofisi nyingine inafuata pasipoti na kuandika Mercy Akinyi, ukoo Odhiambo. Basi tayari mko wawili. Mimi niliishi nikiwa wawili kwa karibu muhula mzima: mmoja alikuwa na alama lakini hakuwa na akaunti ya benki, mwingine alikuwa na akaunti lakini hakuwa mwanafunzi.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, kitambulisho na pasipoti. Kama pasipoti hujaichukua, vizuri zaidi: iombe kwa majina na mpangilio ulio kwenye cheti cha KCSE, ukiweza. Ofisi ya uhamiaji iko hapa hapa Kisumu. Kama tofauti ipo na haiondoleki, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha hati hiyo isafiri na vyeti vyako kila mahali. Na kwenye fomu za Kihispania fuata pasipoti herufi kwa herufi. Kisanduku cha ukoo wa pili kiache wazi. Kinaruhusiwa kuwa wazi.

Muhuri kwanza, tafsiri baadaye

Shahada ya Uhispania inataka cheti chako kilinganishwe na cha kwao cha sekondari, kiitwacho bachillerato. Kitendo hicho ni homologación, kinafanywa na wizara yao ya elimu. Unahitaji cheti cha KCSE, ripoti za matokeo ya miaka ya mwisho ya sekondari zenye muhuri wa shule (zile fomu za ripoti ambazo wengi hufungia maandazi), na pasipoti. Ombi linakwenda na ada inayolipwa kwa fomu iitwayo 790, msimbo 079.

Nilipopitia mimi, vyeti vilipigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, halafu vikaenda ubalozi wa Uhispania. Uliza ubalozini mlolongo wa sasa kabla ya kupanda basi. Lakini kanuni haibadiliki: mihuri yote iishe ndipo upeleke kwa mfasiri, kwa sababu mfasiri anatakiwa kutafsiri mihuri nayo. Ukianza na tafsiri utalipa mara mbili. Tena mfasiri si mtu yeyote ajuaye lugha, hata mimi siruhusiwi. Lazima awe mfasiri aliyeapishwa, na wizara ya mambo ya nje ya Uhispania hutoa orodha ya majina yao. Wengi hufanya kazi kwa barua pepe na kukutumia karatasi kwa posta.

Ukishawasilisha ombi, hakikisha unapata karatasi iitwayo volante. Hiyo inakuruhusu kusajiliwa chuoni kwa masharti hata kama majibu ya ulinganisho bado. Niliwahi kumwona kijana aliyeacha nafasi yake akidhani lazima jibu litoke kwanza, na kumbe volante ilikuwa kwenye barua pepe yake, ameilalia.

Sambamba na hilo kuna UNED, chuo cha umma cha masomo ya mbali, ambacho kina huduma ya UNEDasiss. Hao ndio wanaobadili alama zako za KCSE ziwe alama ya Kihispania na kuipeleka chuoni. Alama ya kujiunga huenda hadi 14. Kwa alama za KCSE peke yake hufiki mbali, kwa hiyo utataka kufanya mitihani yao iitwayo PCE. Kila somo ni dakika 90. Anayetaka kozi zinazogombaniwa, kama udaktari au uuguzi, achague masomo yenye uzito kwenye kozi hiyo. Kila chuo hutangaza jedwali la uzito. Tazama pia orodha ya vituo vya mtihani mapema, maana huenda nauli ya kwenda kufanya mtihani ikawa sehemu ya bajeti.

Jambo dogo la saa. Tarehe ya mwisho kwenye tovuti zao huishia saa sita usiku ya kwao. Wakati wa kiangazi chao tuko mbele yao saa moja, hivyo kwetu ni saa saba usiku. Wakati wa baridi ni saa nane. Usitegemee saa hiyo, stima ikipotea Kondele hakuna atakayekuelewa Madrid.

Kihispania: unakijua kuliko unavyodhani

Vyuo vingi vinataka kiwango cha B1 au B2, yaani ngazi za kati kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya. Mwingereza akianza Kihispania anahangaika na mambo ambayo wewe ulinyonya na maziwa.

Anza na irabu. Ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomeka karibu kama zetu. Neno casa unalisoma kama lilivyo. Kisha konsonanti. Herufi ñ ni ny ya nyama: España ni "Espanya". Herufi j ni ile kh ya kukohoa iliyomo katika Subalkheri. Herufi z, na c ikifuatwa na e au i, huko Madrid ni th ya thelathini, ilhali Amerika ya Kusini na sehemu kubwa ya kusini mwa Uhispania ni s tu. Herufi d katikati ya irabu hulainika ikawa dh ya dhahabu, na g ikawa gh ya ghali. Mjaluo ana th na dh kwao tayari, kwa hiyo hana kisingizio. Wenye kazi ni wale ambao lugha zao za nyumbani huchanganya r na l: pero ni lakini, pelo ni nywele, na perro, r ikivumishwa, ni mbwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliambia darasa zima kwamba ana nywele mbili nyumbani zinazobweka.

Sasa sarufi. Kihispania kina vitenzi viwili mahali ambapo Kiingereza kina kimoja, ser na estar, na vitabu vya Kiingereza hutumia sura nzima kukieleza. Wewe unajua tayari kwamba "yeye ni mwalimu" na "yeye yuko Kisumu" si kitu kimoja. Es profesor, está en Kisumu. Hiyo "yuko" ni estar. Kuna mahali patakapokupotosha, kama hali ya kuchoka (estoy cansado), lakini nusu ya njia umeshafika.

Upatanisho haukutishi. Aliyekua na ngeli zote hizi, kitabu kizuri na vitabu vizuri, mti mrefu na miti mirefu, anakuta kule jinsi mbili tu: libro bonito, libros bonitos, casa bonita, casas bonitas. Mtenda amefichwa ndani ya kitenzi kama kwetu: "ninaimba" ni neno moja, na canto ni neno moja. Na ile e ya mwisho ya kutaka au kuomba, "nataka aimbe", wanayo: quiero que cante. Canta, anaimba, cante, aimbe. Siku nilipoliona hilo nilicheka peke yangu maktabani, maana mwenzangu kutoka London alikuwa amelilia somo hilo hilo wiki mbili.

Hata maneno mengine ni ya jamaa. Kutoka kwa Wareno tulipata meza, bendera na mvinyo. Wao wana mesa, bandera, vino. Kwa Mwarabu tulichukua sukari na zafarani, nao azúcar na azafrán. Na ojalá yao, neno la kutamani jambo litokee, ni binamu wa inshallah.

Ratiba yangu kwa mtu wa KCSE: saa mbili kwa siku, siku sita, mwaka mzima. Miezi mitatu ya kwanza iwe na mwalimu, wa ana kwa ana au wa AVE Global, kozi ya mtandaoni ya Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Uhispania inayofundisha Kihispania. Baada ya hapo sikiliza redio na televisheni ya taifa lao, RTVE, bila malipo mtandaoni, hata kama huelewi. Chukua taarifa ya habari ya dakika tano, isikilize mara tano, andika unachosikia. Katika vyeti vya kuthibitisha kiwango chako cha Kihispania, cha DELE hakiishi muda wake, cha SIELE hudumu miaka 5. Kama fedha ni chache, fanya kimoja tu, na ukifanye pale unapofaulu majaribio ya nyumbani.

Pesa

Ubalozi unataka uthibitisho wa pesa za kujikimu. Kipimo ni kiasi kiitwacho IPREM, ambacho tangu 2023 kimekuwa yuro 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa miezi kumi na miwili. Yuro ikiwa shilingi 150, hizo ni 1,080,000, kando ya ada na nauli. Ada ya chuo cha umma huhesabiwa kwa krediti: chukua bei ya krediti ya kozi yako kwa mwanafunzi asiye wa Umoja wa Ulaya, zidisha kwa 60. Bei hutofautiana sana kati ya jimbo na jimbo, na kuna mahali mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Ukifeli somo, krediti zake mwaka unaofuata ni ghali zaidi, na mara ya tatu zaidi tena.

Harambee ni jambo jema, lakini ifanyike mapema. Laki nane zikiingia kwenye akaunti kwa M-Pesa siku nne kabla ya kuchapa taarifa ya benki, mtu wa viza atauliza zimetoka wapi. Ziweke miezi kadhaa kabla, na utunze orodha ya waliochanga. Ufadhili wa shahada ya kwanza ni haba, mwingi ni wa uzamili. Kufanya kazi unaruhusiwa, hadi saa 30 kwa wiki, lakini usiiweke kazi hiyo kwenye hesabu za viza. Haikubaliki, na Kihispania cha kuhudumia meza za mkahawa si cha miezi miwili ya kwanza.

Viza

Barua ya chuo, uthibitisho wa pesa, bima ya afya isiyo na malipo ya nyongeza kwa mgonjwa, cheti cha daktari na cheti cha tabia njema. Cheti cha daktari kitaje kanuni za afya za kimataifa za 2005. Daktari wa hapa asipoziandika unarudishwa, kwa hiyo mpelekee mfano wa maneno. Cha tabia njema unaomba eCitizen, unalipa 1,050, unachapa fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja (saiba nyingi huchapa karatasi mbili, kataa), kisha unapeleka alama za vidole Huduma Centre ya Kisumu. Nacho kitapigwa muhuri na kutafsiriwa. Usivichukue mapema mno, maana vina muda wake. Wasilisha ombi mwenyewe Nairobi, na usinunue tiketi ya ndege isiyorudishiwa pesa kabla ya viza.

Ukifika

Tafuta chumba ambacho mwenye nyumba atakubali uandikishwe hapo, kwa sababu kazi ya kwanza ni empadronamiento, kujiandikisha kwenye halmashauri ya mji kwamba unaishi pale. Karatasi hiyo utaombwa kila mahali. Ya pili ni kadi ya mgeni, TIE, inayotakiwa kuombwa ndani ya mwezi mmoja wa kuingia. Unajaza fomu EX-17, unalipa ada kwa fomu 790, msimbo 012, unatoa alama za vidole polisi. Miadi inapatikana mtandaoni tu na huisha upesi. Jaribu asubuhi, jaribu tena mchana, usikate tamaa siku ya tatu.

Darasani alama ni kati ya 0 na 10, na 5 ni kufaulu. Wahadhiri wa Granada humeza s za mwisho wa maneno, wiki mbili za kwanza utadhani umedanganywa lugha. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa, cha usiku ni saa tatu au nne, kwa hiyo tembea na ndizi begini. Na ugali upo: kwenye maduka ya watu wa Venezuela na Kolombia kuna unga mweupe wa mahindi uitwao Harina P.A.N. Umepikwa tayari kiwandani. Maji yakichemka zima moto kwanza, mimina kidogo kidogo ukikoroga, la sivyo utapata mabonge.